Asiye na Mwana Asieleke Jiwe, Aende Akapime

Kuna methali moja naomba tuipumzishe: "Asiye na mwana aeleke jiwe." Tumeikariri shuleni, tumeiandikia insha, na najua wapo watakaoniambia maana yake ni pana, eti inahusu mtu kujishughulisha na alichonacho. Sawa. Lakini hebu itazameni picha yenyewe: mwanamke na jiwe mgongoni. Hatuambiwi alikwenda kumwuliza nani, wala alijibiwa nini. Keshapewa jiwe, hadithi imekwisha.

Nina miaka 37. Hedhi yangu ilianza kuruka mwaka juzi, ikawa inakuja kila baada ya miezi mitatu, kisha ikapotea. Usiku naamka nimelowa jasho hata wakati wa kipupwe. Sina mtoto, na ninamtaka. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nagombana na kamusi tu.

Zahanati ya kwanza waliniambia ni mawazo, nipumzike. Ya pili, UTI sugu, nikaandikiwa dawa bila mkojo kupimwa. Jirani akasema ni chango. Shangazi akanong'ona kuhusu jini mahaba. Muuzaji wa mtandaoni ana dawa ya "kusafisha kizazi", na bei yake si ya kitoto. Watu watano, majibu matano, na hakuna aliyechukua hata tone la damu. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake tayari, akanitafutia nafasi ndani yake.

Hadithi hizo zimetoka wapi? Jamani, nyingine tumeziandika wenyewe. Angalieni wahusika wetu wa kike: yupo mama, na yupo tasa. Tasa mara nyingi ana wivu, au analipia dhambi za ujana. Mwandishi akitaka kumwadhibu mwanamke, anamfunga kizazi, nasi wasomaji tunatikisa vichwa kwamba haki imetendeka. Hata maneno yenyewe, tasa na mgumba, yanamtaja mtu badala ya hali yake. Mwenye malaria ni mgonjwa, akipona jina linamtoka. Tasa ni jina la kuzikwa nalo.

Sasa tuweke hadithi pembeni. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya 45, imewahi. Ovari zikiacha kufanya kazi sawasawa kabla ya 40, hilo ni tatizo la kitabibu, na makadirio yaliyozoeleka ni mwanamke 1 kati ya 100. Sababu inaweza kuwa jeni, kinga ya mwili kuzishambulia ovari, tiba ya saratani au upasuaji, na mara nyingi haijulikani kabisa. Daktari huanza kwa kuhakikisha si mimba, anaangalia tezi ya shingoni na homoni ya prolaktini, kisha anapima damu kutafuta homoni ya FSH na estrojeni. Hayo ndiyo maswali ambayo hakuna kati ya wale watano aliyeniuliza.

Sitawadanganya: majibu yakiwa mabaya, hakuna dawa ya kurudisha mayai. Wachache, kama 5 katika 100, bado hushika mimba wenyewe, na wengine hupandikizwa mimba kwa yai la kuchangiwa, wakiwa na uwezo wa kulilipia. Ila kuna jambo neno "tasa" halilioni hata kidogo. Estrojeni hulinda mifupa na moyo. Mwanamke aliyeikosa mapema, awe na watoto sita au asiwe na hata mmoja, anahitaji kuzungumza na daktari kuhusu tiba ya homoni. Tukihesabu watoto peke yake, huyu mwenye sita hatumwoni kabisa, na mifupa yake inaendelea kuisha.

Wapo watakaosema fasihi haitibu. Kweli, haitibu. Lakini inatufundisha tuulize nini. Mwaka 1966 Flora Nwapa alimpa Efuru biashara, heshima na akili, akakataa kumfanya kichekesho kwa kukosa mtoto. Mwaka 2010 Lola Shoneyin aliipeleka familia ya Baba Segi hospitalini kwa sababu mke wa nne hashiki mimba, kumbe mwenye tatizo ni mume. Hospitali imeingia ndani ya riwaya na siri ikatoka. Mume wangu mimi hajaulizwa swali hata moja. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani mwake. Mtu mzima, siyo mwanamke.

Basi waandishi wa Kiswahili, ninawadai. Nipeni mhusika anayekaa kwenye foleni ya maabara, anayetaja kipimo anachokitaka na kukataa kuondoka bila kuandikiwa. Awe mcheshi, awe mkali, apate mtoto au asipate, lakini hadithi isiishie hapo. Na wewe dada unayesoma haya huku siku zako zimekuwa za kubahatisha: FSH. Liandike jina hilo kwenye karatasi, uende nalo. Mimi nimekwenda nalo, damu imechukuliwa, majibu yanatoka wiki ijayo.