Ulimi wa Eldoret

Mwezi uliopita nilikuwa Eldoret, mji uliozaliwa juu ya shamba nambari 64, na hata leo wenyeji huuita kwa nambari hiyo. Ndani ya matatu dereva alifungulia Kass FM. Likalia gitaa la Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, na abiria waliokuwa wakibishania nauli wakanyamaza. Nikamwuliza mzee niliyeketi naye, "Mzee, anaimba nini?" Akatabasamu. "Hata nikikueleza hutasikia. Wewe sikiza gitaa."

Sikuudhika. Nasi wa pwani tu hivyo hivyo ikipigwa taarabu ya zamani.

Ndugu msomaji, zama za utoto wetu redio ilikuwa Sauti ya Kenya, na lugha za makabila zikigaiwa saa chache. Mwaka 1996 Capital FM ilianza Nairobi kwa Kiingereza, 2000 ikaja Kameme kwa Kikikuyu, na 2005 Kass kwa Kikalenjin. Kass ilirusha matangazo kutoka Nairobi, lakini masikio yake yalikuwa huku Bonde la Ufa. Aliyezoea kukopeshwa saa moja akapata siku nzima, ataachaje kuipenda?

Lakini mwaka huo huo wa 2005, wakati wa kura ya maoni ya katiba, serikali iliifungia kwa muda. Kisha ukaja uchaguzi wa 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa moto na watu wakiwa ndani. Tume ya Jaji Waki ilisikia mashahidi wakizilaumu redio za lugha za kienyeji, Kass ikiwamo. Mtangazaji wake, Joshua arap Sang, alishitakiwa The Hague. Aprili 2016 mahakama ilifuta kesi kwa udhaifu wa ushahidi.

Tangu hapo wako wasemao redio hizi zifungwe zote. Mimi sikubali. Matusi hayana kabila. Kiswahili chetu kinayo, na Kiingereza pia. Sheria ya 2008 imekwisha kuyafanya maneno ya chuki kuwa kosa kwa lugha yoyote.

Ninalolitaka ni jingine. Chuoni tulifunzwa kwamba kila neno litokalo kinywani lina mwandishi wake. Redio nayo iwe na mwandishi. Nyimbo za Kipchamba zimehifadhiwa, ndiyo maana zatuliza matatu hadi leo. Basi na mazungumzo yahifadhiwe vivyo hivyo, siku kwa siku, ili jirani asiyejua lugha aweze kutafsiriwa, na mtangazaji aliyesingiziwa apate pa kujitetea. Kwani penye ugomvi, neno lisilohifadhiwa kila mtu hulikumbuka kwa hasira yake.

Wahenga walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa redio hujikwaa mbele ya maelfu.