Wanapima Sketi, Hawapimi Haki



Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anabebeshwa lundo la makaratasi. Kuna fomu ya afya, fomu ya hosteli, fomu ya benki kwa ajili ya bumu, na katikati ya hizo kuna karatasi moja fupi inayosema kwamba amesoma kanuni za mwenendo na nidhamu, amezielewa na atazifuata. Foleni ni ndefu, jua linawaka, begi liko chini na wenzako wanasukuma nyuma. Unasaini. Kitabu chenyewe cha kanuni hujakiona. Wengi wetu tunakuja kukiona siku tuliyoitwa ofisini, tena kikiwa mkononi mwa anayetushtaki.

Mimi nasomea sheria, kwa hiyo nina tabia ya kuvisoma vitabu hivi hata kabla sijaitwa. Na kuna jambo moja linajirudia. Kanuni inapomhusu mnyonge, inapima kwa rula: sketi iishie wapi, suruali ibane kiasi gani, hereni avae nani, mgeni atoke hosteli saa ngapi. Inapofika kwenye madaraka ya mkubwa, rula inatupwa. Hapo unakutana na maneno ya aina ya "mwenendo usiofaa", au "tendo lolote litakaloharibu jina la chuo". Lolote! Nani anaamua kwamba jina limeharibika? Yule yule mwenye jina.

Sisi tuliopanga mageto huku Kiboriloni tunalijua hili vizuri. Nguo zetu tunazitoa hapo hapo sokoni, kwenye mitumba, kwa kuchambua bunda asubuhi na mapema kabla wajanja hawajafika. Sketi inakukaa vizuri, imefunika goti ukiwa umesimama, unapanda daladala kwenda chuo. Mlinzi anakutazama juu mpaka chini, anakurudisha. Nauli imeenda, kipindi cha asubuhi kimekupita, jaribio la darasani nalo limekupita. Hujashtakiwa popote na hujasikilizwa na mtu yeyote. Mlinzi amekuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu, na tepu yake ya kupimia ni macho yake. Na huyo anayerudishwa ni msichana mara kumi kabla hajarudishwa mvulana mmoja.

Usidhani pia kwamba ukirudi geto umetoka mikononi mwao. Kanuni nyingi zinasema zinamfunga mwanafunzi ndani na nje ya eneo la chuo. Kwa mtu aliyempiga mwenzake mtaani, naelewa. Lakini maneno hayo hayo yanatumika Jumamosi ukienda mkutano wa hadhara wa chama chako, kwa nauli yako, siku ambayo huna kipindi. Picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Jumatatu unaulizwa kama hujui kwamba siasa haziruhusiwi chuoni. Kwani mkutano ulifanyika darasani?

Na hili la siasa chuoni tuliseme bila kung'ata maneno. Umoja wa Vijana wa chama tawala una Seneti ya Vyuo na Vyuo Vikuu. Haijifichi. Ina viongozi, ina vikao, inapokea wageni wakubwa kutoka serikalini. Sina ugomvi na haki yao ya kukusanyika. Ibara ya 20 ya Katiba inawapa wao kama inavyotupa sisi. Ugomvi wangu ni kanuni moja kuwa na macho mawili: jicho moja likiona shati la kijani linafumba, jingine likiona rangi nyingine linatoa barua ya wito.

Huku mlimani wazee walipanda isale mpakani mwa kihamba ili kila anayepita ajue hapa pa nani na pale pa nani. Ukivuka, unajua umevuka. Sheria ya kuadhibu watu inatakiwa iwe na isale. Kanuni isiyo na mpaka unaoonekana haikusaidii kujizuia, maana hujui unatakiwa kujizuia na nini. Kazi yake inabaki moja tu, kukufanya uogope kila kitu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wakubwa wanapenda kutuambia kwamba "chuo kina taratibu zake". Sawa, kinazo. Lakini juu ya taratibu zote kuna Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufani. Rudia hayo maneno: chombo kinginecho. Kamati ya nidhamu ni chombo kinginecho. Seneti ya chuo ni chombo kinginecho. Na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts lililomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2003, ilishatamka kwamba kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa katika nchi hii si kanuni tu tuliyorithi kwa Waingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba.

Hao Waingereza wenyewe walilimaliza zamani, na kesi yao ilihusu chuo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi mmoja, Dk. Bentley, shahada zake bila kumsikiliza. Mwaka 1723 mahakama ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu, anayejua yote, hakumwadhibu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza: uko wapi, umekula tunda? Karne tatu zimepita. Kuna kamati za nidhamu katika nchi hii ambazo Adamu angepewa barua ya kufukuzwa kwanza, halafu aambiwe ana siku saba za kukata rufani kwa nyoka.

Kuna watakaosema natia siasa kwenye jambo la malezi. Basi tuangalie historia, tuone nani alianza kutia siasa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao siku hiyo hiyo. Unaweza kusema, na mimi nitakubaliana nawe kwa sehemu, kwamba wale vijana walikuwa wanadai makubwa kuliko mkulima aliyewasomesha. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa kukata na mshahara wake mwenyewe, na hilo tunamheshimu. Lakini hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja wewe ulifanya nini.

Julai 1971 kiongozi wa serikali ya wanafunzi pale Dar es Salaam, Simon Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa chuo baada ya wanafunzi kuukosoa uongozi wa chuo kwa maandishi. Askari wenye silaha ndio waliokuja kumchukua. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia wakafukuzwa. Hebu jiulize, mtu akiandamana leo kwa sababu ile ile ya 1978, wewe mwenyewe ungempa adhabu au ungempa maji ya kunywa?

Na kama hayo ni ya enzi za babu, njoo 2018. Machi mwaka ule Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyekiti wa Mtandao wa Wanafunzi Tanzania, alitoweka Dar es Salaam akapatikana Mafinga, Iringa. Alisema ametekwa. Akashtakiwa yeye, kwamba ametoa taarifa za uongo. Kesi ikiwa bado changa, chuo kikamsimamisha masomo. Novemba mwaka huo huo mahakama ya Iringa ikamwachia huru. Sasa Ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mtu akishinda kesi, ile miezi aliyokosa darasani anarudishiwa na nani? Hakimu alitoa hukumu yake Novemba. Chuo kilikuwa kimeshatoa adhabu tangu Machi.

Hii ndiyo sababu nasema hatuongelei vitu vidogo. Kusimamishwa si likizo. Bumu linasimama, kodi ya geto haisimami. Mama aliyeuza ndizi kwenye gulio akuongezee ada anaulizwa na majirani mtoto amefanya nini. Wenzako wanamaliza, wewe unarudia mwaka. Ukifukuzwa kabisa, mkopo uliokwisha kuutumia bado unakusubiri uulipe, na cheti huna. Huko mtaani hata mwizi wa kuku hakimu anamsomea shtaka kwanza.

Najua jibu lao: "Bila nidhamu chuo kitageuka soko la Kiboriloni." Jamani, natamani kingegeuka! Sokoni mteja akigombana na muuza viatu, mwenyekiti wa soko anawaita wote wawili, anasikiliza huyu, anasikiliza yule, anaita jirani wa meza aliyeona. Hakuna anayehukumiwa akiwa hayupo. Na hatuna shida na nidhamu. Anayeiba mtihani aadhibiwe. Anayempiga mwenzake aadhibiwe. Anayevunja milango ya hosteli alipe. Tunachokataa ni nidhamu kutumika kama kamba ya kufungia midomo.

Tena wangeitaka nidhamu kweli, wangeanza na rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema ni kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe upendeleo au haki ya mtu. Fungua kitabu cha chuo chako usiku wa leo. Hesabu mistari inayoongelea nguo za msichana. Halafu hesabu mistari inayomwambia msichana aende wapi mwalimu akimwambia matokeo yake "yataongelewa" lojini, nani atapokea malalamiko, ndani ya siku ngapi, na nani atasahihisha mtihani wake wakati uchunguzi unaendelea. Ukimaliza kuhesabu utajua kitabu kiliandikwa kumlinda nani.

Madai yetu kwa kila chuo ni haya:

1. Kila mwanafunzi apewe kanuni kwa Kiswahili na kwa lugha ya kufundishia, siku saba kabla ya kutakiwa kusaini.

2. Makosa yote yatajwe kwa maneno yenye mpaka. "Tendo lolote" lifutwe.

3. Anayeshtaki asikae kwenye kamati inayoamua. Wawakilishi wa wanafunzi wawemo, wenye kura.

4. Mashtaka yatolewe kwa maandishi pamoja na ushahidi, na mshtakiwa aruhusiwe kuja na mtu wa kumsaidia kujieleza.

5. Kusimamishwa kabla ya uamuzi kuwe kwa hatari ya kweli tu kwa watu wengine, na kuwe na ukomo wa siku.

6. Malalamiko ya rushwa ya ngono yawe na utaratibu wake, nje ya idara ya mlalamikiwa.

Wakati tunayadai hayo, jilinde. Ukiitwa, omba barua. Usisaini maelezo ambayo hujayasoma, na ukisaini piga picha. Andika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo. Omba uamuzi kwa maandishi na sababu zake. Kata rufani ndani ya chuo kwa wakati, hata kama unajua watakataa, maana mahakama itakuuliza kama ulimaliza ngazi za ndani. Kwa chuo cha umma, maombi ya kibali cha mapitio ya mahakama yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Mahakama Kuu Kanda ya Moshi iko hapa hapa mjini, si Dodoma. Chuo binafsi kina njia zake nyingine, kwa hiyo muone wakili au mtoa msaada wa kisheria mapema. Miezi sita inaisha wengine bado wanalia kwenye simu.

Kazi ya wiki hii basi. Mwenye nakala ya kanuni za chuo chake, cha Moshi au popote, aipige picha kurasa zote na kuiweka kwenye kundi la tawi kabla ya Jumapili. Jumapili jioni tunakaa Kiboriloni kuzisoma kifungu kwa kifungu, tunaandika barua moja kwa kila chuo. Njooni na kalamu. Na dada zangu, njooni na sketi yoyote mnayoitaka.