Kuunganisha vidhibiti vya mbali: Laini ni rahisi, gharama imejificha

Shirika la maji au kiwanda kinachotaka kusoma geji za kituo cha mbali hakina tena haja ya kujenga mnara wake wa redio. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kampuni za simu za mkononi zikasambaza huduma ya data hadi wilayani, na kazi iliyokuwa ikihitaji mtandao wa binafsi sasa yaweza kufanywa kwa modemu na kadi ya simu. Wauzaji wa vifaa wanalijua hilo. Makisio ya bei wanayopeleka kwa mameneja yana mstari mfupi usemao "kuunganisha kwenye mtandao".

Mstari huo ndio wenye walakini. Unataja modemu, waya, kazi ya fundi na malipo ya data kwa mwezi. Hautaji ni nani mwingine atakayeweza kuiamuru pampu baada ya fundi kuondoka.

Faida ya kuunganisha ni ya kweli na haifai kubezwa. Kituo cha pampu kilicho kilomita 80 kutoka makao makuu, kisicho na mawasiliano, hutoa habari za tenki lililofurika usiku asubuhi yake, na za pampu iliyokufa Ijumaa jioni huenda siku ya Jumatatu. Kila safari ya kwenda kutazama tu inakula dizeli, posho na siku nzima ya gari lililohitajika kwingine. Wanaoshauri vituo vyote vibaki gizani kwa kuogopa wahuni wa kompyuta hawajapata kulipia maji yaliyomwagika bure.

Tatizo linatokana na umri wa lugha inayozungumzwa na vifaa hivi. Modbus, mojawapo ya lugha zinazotumika sana viwandani, ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani. Wakati huo kidhibiti kilikaa mwisho wa waya uliopita ndani ya uzio wa kiwanda. Aliyeweza kuugusa waya huo alikuwa amekwisha kupita getini, hivyo hapakuwa na sababu ya kifaa kumwuliza yeye ni nani. Kikiulizwa kiwango cha tenki, kinajibu. Kikiambiwa kizime pampu, kinazima.

Mwaka 1999 lugha hiyo ilitiwa ndani ya bahasha ya TCP/IP na kupewa mlango namba 502. Bahasha ilikuwa mpya lakini barua ilikuwa ileile: haina neno la siri, haina sahihi, wala haimtambui aliyeituma. Toleo lenye ulinzi lilichapishwa mwaka 2018, na vidhibiti vilivyofungwa zamani havikutengenezwa kwa ajili yake. Vifaa hivyo ni vya kudumu. Kisanduku kilichofungwa miaka 20 iliyopita na ambacho bado kinawasha pampu kila alfajiri hakitupwi, na hakuna mhasibu atakayepitisha malipo ya kukibadilisha.

Ndiyo maana kinachouzwa ni kijisanduku cha kati: upande mmoja kinapokea waya wa zamani, upande wa pili kinatoka kwenye mtandao. Ni kitu kidogo cha kubandika ukutani, na kwenye makisio ya bei hakimshtui mtu.

Yaliyotokea Ukraine tarehe 23 Desemba 2015 yanaonyesha uzito wa kijisanduku hicho. Wavamizi waliingia katika kompyuta za kampuni tatu za kusambaza umeme, wakafungua swichi za vituo vya umeme wakiwa mbali, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani kwa saa kadhaa. Mlango wa kwanza ulikuwa barua za kompyuta zenye nyaraka za sumu, zilizofunguliwa na wafanyakazi miezi mingi kabla. Baadaye wavamizi walipita kwa maneno ya siri waliyoyaiba, kwenye VPN, yaani ile njia iliyofungwa ndani ya mtandao ambayo wauzaji huitaja kama dawa ya kila ugonjwa. VPN ilikuwepo. Ilimpokea kila aliyekuja na neno la siri sahihi.

Kisha wakaviharibu vijisanduku vya kati kwa kufuta programu zao za ndani. Makao makuu yakawa hayawezi tena kuvifikia vituo hivyo. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kwa magari na kufunga swichi kwa mikono. Mashirika yenye mitambo ya kisasa zaidi, ambayo yalikwisha kuachana na swichi za mkono na kupunguza mafundi wa zamu, yangechelewa zaidi.

Tukio la Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilikuwa dogo lakini linamhusu zaidi mnunuzi wa kawaida. Mwezi Novemba 2023 kidhibiti cha kituo kimoja cha kuongeza msukumo wa maji kilivamiwa, kengele ikalia, wafanyakazi wakakihamishia kituo kwenye uendeshaji wa mkono na wateja wakaendelea kupata maji. Katika tahadhari iliyofuata, serikali ya Marekani iliwataka wenye vifaa vya aina hiyo wabadilishe neno la siri la kiwandani, yaani 1111, na wavitoe kwenye intaneti ya wazi. Hapa halikuwapo suala la ufundi wa hali ya juu. Ni usimamizi wa kawaida, sawa na kubadili kufuli baada ya kununua nyumba.

Wapo wanaodhani kwamba kubaki na redio za zamani kunaondoa hatari. Halmashauri ya Maroochy, jimbo la Queensland nchini Australia, ilikuwa na vituo 142 vya kusukuma majitaka vilivyowasiliana kwa redio. Mwaka 2000 mtu aliyewahi kufanya kazi na kampuni iliyofunga mitambo hiyo, na ambaye alinyimwa ajira na halmashauri, alitumia redio na kompyuta kuvuruga vituo. Lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye viwanja na mito. Alifungwa miaka miwili. Njia ya mawasiliano si hoja kubwa kama swali la nani anayeijua, na kama ujuzi huo unafutwa mkataba unapokwisha.

Basi mnunuzi adai nini? Kwanza, uamuzi ubaki kituoni. Mtandao wa simu huchelewa na hukatika, tena hasa mvua zinaponyesha, wakati ambao pampu zinahitajika kuliko siku zote. Kidhibiti chenyewe kijue kwamba tenki likijaa pampu izimwe, na kwamba pampu isiwake kama kisima kimekauka, bila kungoja amri kutoka mjini. Kinachosafiri kwenye mtandao kiwe taarifa, na amri chache zenye mipaka: hata amri halali ikitaka msukumo unaozidi uwezo wa bomba, kidhibiti kiikatae. Mpango huu unapunguza pia malipo ya data, kwa kuwa lugha za baadaye kama DNP3 ya mwaka 1993 na IEC 60870-5-104 ya mwaka 2000 zinakiruhusu kituo kutoa habari pale tu jambo linapobadilika, pamoja na saa lilipotokea.

Kituo kisiwe na anwani ya wazi kwenye intaneti. Kampuni za simu huuza APN ya binafsi, ambayo kadi za mteja huzungumza na makao makuu yake tu. Ni ghali kuliko kadi ya dukani, na hapo ndipo kamati za zabuni hupenda kukata. Mtu anayeingia kwa VPN atakiwe uthibitisho wa pili mbali na neno la siri. Kompyuta za ofisi, zinazofunguliwa barua na ankara kutwa nzima, zisiwe kwenye mtandao mmoja na pampu.

Gharama iliyofichika kuliko zote ni mshahara. Mpango wa kuunganisha vituo mara nyingi huhalalishwa mbele ya bodi kwa hoja kwamba waendesha pampu watapunguzwa. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi, lakini inamwondoa mtu yuleyule aliyerudisha umeme Ukraine na kushika mtambo Aliquippa. Anaweza kuhudumia vituo vitano badala ya kimoja, na hiyo ni akiba ya kutosha. Hawezi kuwa sifuri.

Yote haya yaandikwe kwenye zabuni kabla ya bei kufunguliwa, kwa sababu baada ya hapo kila nyongeza inahesabiwa kuwa kazi ya ziada. Siku ya kupokea kazi, mkandarasi akabidhi maneno ya siri yote, na yabadilishwe yeye akiwa ameondoka chumbani. Kisha modemu izimwe kwa saa 24. Kama tenki limejaa na kushuka kama kawaida, na mwendesha pampu ameweza kuwasha na kuzima kwa mkono, hundi ya mwisho isainiwe.