Mwalimu asione haya kulala hosteli Ulaya

KUNA dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu walimu kwamba kuzuru Ulaya ni jambo la waheshimiwa, wafanyabiashara wakubwa na wanariadha. Mwalimu wa kawaida akibahatika kualikwa huko kwa mafunzo au kongamano, aghalabu hutoka uwanja wa ndege akaingia hotelini, akatoka hotelini akaingia ukumbini, kisha akarejea nyumbani na chokoleti za watoto. Ukimwuliza mji ulikuwaje, atakusimulia zulia la hoteli. Mwanafunzi aliyepata ufadhili naye hujifungia chumbani mwaka mzima akihesabu senti, akiamini kuwa mji wa jirani ni wa wenye nacho.

Nasema haya kwa sababu ya mazungumzo niliyokuwa nayo majuzi na mwenzangu, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili. Amealikwa Vienna kwa siku tano, gharama zote zikiwa juu ya wenyeji wake. Alikuwa amepanga kuongeza siku nne za kwake mwenyewe ili aione miji ya Budapest na Prague, lakini alipopiga hesabu ya hoteli akaufutilia mbali mpango huo. Nilipomtajia hosteli alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nilitoka bwenini mwaka 1988. Unataka nirudi huko nikiwa na mvi?"

Sikumlaumu. Kwetu Kenya neno hosteli hutukumbusha makao ya wanafunzi wa chuo kikuu: chumba cha wawili kinacholaliwa na watano, jiko la umeme lililofichwa uvunguni, na foleni ya bafu alfajiri. Lakini hosteli za Ulaya zina asili nyingine kabisa, na asili hiyo yamhusu mwalimu kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliyezianzisha alikuwa mwalimu wa shule, Mjerumani aitwaye Richard Schirrmann, aliyefundisha katika mji mdogo wa Altena. Bwana huyu alikuwa na mazoea ya kuwatoa wanafunzi wake darasani na kwenda nao kwa miguu mashambani na misituni, pengine kwa siku kadhaa, maana aliamini kwamba ubao peke yake haumfundishi mtoto nchi yake. Shida yake ilikuwa mahali pa kulala. Mnamo Agosti 26, 1909, dhoruba kali iliwakuta njiani katika bonde la mto Bröl. Wakapewa hifadhi katika darasa la shule ya kijiji, pamoja na nyasi kavu za kulalia. Watoto wakalala, mwalimu akakesha akisikiliza radi na kuwaza. Shule hizi zote hukaa tupu wakati wa likizo. Mbona zisiwe malazi ya watoto walio safarini? Akaandika makala, akatafuta wafadhili, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya kale ya Altena. Mwaka 1932 vyama vya hosteli vya nchi kadhaa vilikutana Amsterdam vikaunda shirikisho la kimataifa. Baadaye Schirrmann akawa rais wake, mpaka utawala wa Wanazi ulipomlazimisha kuondoka mwaka 1936.

Basi mwalimu wa leo anayedhani kwamba kulala hosteli kunamshushia hadhi hajui kwamba kitanda kile kiliwekwa pale na mwalimu mwenziwe.

Mimi nililala hosteli kwa mara ya kwanza mwaka 2016 mjini Cologne, baada ya mafunzo ya wiki mbili. Posho ilikuwa imekwisha na ndege yangu ilikuwa bado siku tatu. Nilipewa kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane, kwa bei isiyofika thuluthi ya ile ya chumba nilichokuwa nimekiacha hotelini. Kila mgeni ana kabati lake la chuma lenye mlango, ila kufuli ni juu yake mwenyewe, nami sikuwa nayo. Mtu aliyeingia kidato cha kwanza na sanduku la bati na kufuli mbili! Usiku ule niliulalia pasipoti yangu kama kuku aliyeatamia. Asubuhi nilishuka jikoni, nikawakuta wasichana wawili kutoka Korea wakichemsha mayai na mzee wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, akikoroga uji. Tuliongea kwa saa nzima. Ni yeye aliyenisimulia habari za Schirrmann na ile dhoruba. Kwa wiki mbili nilizokaa hotelini, mgeni mwenzangu hakuwahi kunisemesha ila "samahani" mlangoni pa lifti.

Sasa niseme machache yatakayomfaa anayetaka kwenda. Vyumba vya hosteli huwa na vitanda vinne, sita, vinane, hata kumi na viwili, na kadiri vitanda vinavyozidi ndivyo bei inavyoshuka. Bei hupanda Ijumaa na Jumamosi na hupanda zaidi majira ya kiangazi, kwa hiyo mwenye hiari asafiri katikati ya wiki, na ikiwezekana Oktoba au Machi. Hosteli nyingi zina vyumba vya wanawake peke yao; dada zetu waulize mapema. Ziko pia zenye vyumba vya faragha vya watu wawili, ambavyo mara nyingi bado ni nafuu kuliko hoteli. Mwenye umri asiogope lile jina "hosteli za vijana", kwani hosteli nyingi za vyama vya shirikisho hupokea watu wa kila umri. Hata hivyo kunazo za watu binafsi zilizoweka ukomo wa miaka, na nyingi hazimpokei aliye chini ya miaka 18 asiye na mzazi au mwalimu. Uliza pia kama shuka zimo katika bei, kama mapokezi hufungwa usiku, na kama kuna kodi ya mji inayotozwa kwa kila usiku mlangoni. Usisahau kufuli, taulo, ndara na vizibo vya masikio. Wakoromaji hawana taifa.

Nyingine ni kivutio zenyewe. Stockholm kuna meli ya matanga iitwayo af Chapman, iliyoshushwa majini mwaka 1888, ambayo iligeuzwa hosteli mwaka 1949. Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, jela ya kijeshi ilifanywa hosteli mwaka 2003, na wageni hulala katika zilizokuwa seli, nondo zikiwa bado madirishani.

Chakula ndicho kinachommaliza msafiri bila yeye kujua. Anayekula mkahawani mara tatu kwa siku atakuwa amekula kile alichookoa kitandani. Hosteli nyingi zina jiko la wageni: nunua mkate, mayai, maharagwe ya mkebe na matunda kwenye supamaketi, ujipikie. Maji ya kunywa usiyanunue. Vienna huletewa maji ya chemchemi kutoka milima ya Alps tangu mwaka 1873, na Roma ina mabomba ya maji safi barabarani yanayotiririka usiku na mchana, ambapo yeyote hukinga chupa yake.

Kuhusu usafiri, tikiti ya treni ya masafa marefu ikinunuliwa wiki kadhaa kabla huwa rahisi mno kuliko ile ya dirishani siku ya safari. Mabasi ni nafuu zaidi. Wapo wanaosifu basi la usiku kwa kuwa linaokoa gharama ya malazi. Mtu wa umri wangu huilipa gharama hiyo kwa kiuno. Luxembourg, nchi ndogo lakini tajiri, iliondoa nauli katika usafiri wa umma mwaka 2020, na mgeni hupanda basi au treni ya daraja la pili bila malipo sawa na mwenyeji.

Makumbusho yataka ujanja. London, British Museum na National Gallery hazitozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Berlin, kuba la jengo la bunge hupandwa bure, mradi umejiandikisha mapema. Vienna, makumbusho ya taifa hayatozi walio chini ya miaka 19, habari njema kwa mwalimu anayesafiri na wanafunzi wake. Paris imetufanyia jambo ambalo mimi sikulipenda: tangu Januari 2026 Louvre humtoza mgeni asiyetoka eneo la kiuchumi la Ulaya euro 32, ilhali Mzungu wa huko hulipa 22. Nyumba iliyojaa mali za dunia nzima, dunia ndiyo izidishiwe bei! Walau walio chini ya miaka 18 huingia bure, watokako kokote.

Lakini haya yote ni bure kama viza haikupatikana, na hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu wasome polepole. Viza moja ya Schengen hufungua milango ya nchi 29; Uingereza na Ireland zina viza zao mbali. Ada yake ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, yaani kama shilingi 13,500 kwa viwango vya mwaka 2025, na ukinyimwa viza hurudishiwi hata ndururu. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Ni lazima uwe na bima ya angalau euro 30,000. Ni lazima pia uonyeshe mahali utakapolala, na barua ya hosteli inatosha kama ya hoteli, ila hifadhi kitanda kwa masharti ya kurudishiwa pesa zako, lisije likakataliwa ombi ukapoteza mara mbili.

Kuna jambo ambalo nimegundua wengi hawalijui. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya yasema wazi kwamba wanafunzi wa shule na vyuo, pamoja na walimu wanaoandamana nao, wanaokwenda kwa madhumuni ya masomo au mafunzo, hawatozwi ada hiyo. Ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi yaweza kudai malipo yake ya huduma, lakini zile euro 90 hazipaswi kudaiwa. Nimewaona walimu wakichangisha wazazi ada ya viza kwa safari ya kubadilishana wanafunzi, kumbe haikuwa inadaiwa. Shule zenye uhusiano na shule za Ulaya zidai haki hii kwa barua rasmi inayoeleza madhumuni ya safari, na mwaliko wa wenyeji uambatishwe.

Sitaki nionekane mpiga debe. Hosteli haipunguzi nauli ya ndege, ambayo kwa mshahara wa mwalimu ni mlima, na sikushauri mtu kuchukua mkopo wa chama cha ushirika ili akatazame sanamu. Ninayemsemea ni yule ambaye tayari yuko huko, au ambaye nauli yake imelipwa na wengine. Wala Ulaya si pepo. Ndani ya Schengen kwa kawaida hukaguliwi mipakani, lakini Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na katika behewa lenye watu sitini mweusi ndiye aghalabu huulizwa stakabadhi kwanza. Tembea na pasipoti yako halisi, si nakala, na jibu kwa utulivu.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe hapa nyumbani. Wazo la Schirrmann halikuwa la ngome wala meli. Lilikuwa la madarasa matupu. Sisi tayari tunalifahamu. Wakati wa tamasha za muziki na za drama, mamia ya wanafunzi husafirishwa kutoka kila pembe ya nchi, nao hulala katika mabweni na madarasa ya shule wenyeji, magodoro yakiwa sakafuni. Tamasha zikiisha tunafunga milango, na shule za bweni hukaa tupu Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, hali mtoto wa Turkana anamaliza kidato cha nne bila kuiona bahari, na wa Kilifi bila kuuona mlima Kenya. Wazazi wao hawana pesa za hoteli, na kwa hakika hawazihitaji.

Najua yatakayosemwa: nani atalinda mali ya shule, nani atawajibika mtoto akiugua, bodi itaruhusu vipi. Ni maswali ya haki, na kila tamasha hulazimika kuyajibu. Wizara ingeweza kuanza na shule chache zilizo karibu na Ngome ya Yesu, ziwa Nakuru na Gede, kwa malipo madogo ya maji, umeme na mlinzi, mwalimu wa kundi akiwajibika kwa watoto wake kama alivyowajibika yule wa Altena. Shule ziko, vitanda viko, na Agosti haiko mbali.