Sura ya Biharusi Si Bango la Duka

Leo tuna la kusema na mafundi wenzetu, wapambaji, wapaka hina, na nyinyi biharusi mnaotukabidhi siku yenu.

Wanawake wenye biashara tukikutana, hata iwe hitimani, haipiti nusu saa bila mmoja kuuliza: jamani, mnafanyaje mpaka watu wakajaa kwenye kurasa zenu? Na jawabu linalotolewa siku hizi ni lilelile. Weka biharusi. Apambwe, ageuke polepole, mtandio ushuke kidogo, nyimbo nyuma yake, basi.

Watajaa kweli, hatubishi. Gauni ukilivisha sanamu la dukani hupendwa na wachache. Gauni hilohilo ukimvisha mtoto wa watu mwenye wanja wake na hina yake, simu hailali. Lakini hebu soma wanachoandika chini ya picha. Mashaallah sura. Kaolewa na nani huyu? Ana mdogo wake? Anayeuliza kitambaa kimeingia mita ngapi humwoni. Hao wamekuja kumtazama biharusi, na yeye hakuwaita.

Mteja wetu mmoja aliolewa mwezi wa Shaaban, ule msimu ambao harusi hurundikana kabla ya Ramadhani na sisi mafundi hatulali. Mwaliko uliandikwa wazi kuwa simu haziingii ukumbini. Mlangoni waliwekwa wasichana wa kuzikusanya, na wageni walitii mpaka mashangazi. Usiku uleule kaka yake aliyeko Maskati akampigia simu mama yao: amemuona mdogo wake Instagram, kichwa wazi, mabega wazi. Hakupigwa na mgeni. Alipigwa saluni mchana na mpambaji aliyelipwa pesa yake yote. Alipoambiwa aifute aliifuta, lakini kurasa nyingine za mavazi zilikuwa zimeshaichukua, na huko nani atazifuata? Aliyelaumiwa kwanza akawa biharusi mwenyewe. Fungate yake yote aliimaliza kwa kujieleza kwa wakwe.

Yule mpambaji alipata wafuasi wengi wiki ile. Hilo nalo tulisema.

Wenzetu hujitetea kuwa biharusi mwenyewe alikubali. Alikubali saa ngapi? Hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, piko halijakauka mikononi, macho ameyafumba anabandikwa kope, na mtu anamuuliza, "nakurikodi kidogo, shoga, sawa?" Atasemaje, na uso wake uko nusu na ukumbini anangojwa? Hiyo sisi hatuiiti ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Ingawa wallahi, mambo ya stara tulifundishwa na mama zetu kabla hatujapelekwa skuli, hatukungoja sheria.

Basi tufunge maduka? Hapana. Hapa kisiwani tunaye Siti binti Saad. Kabla hajaitwa mwimbaji, mtoto huyu wa Fumba alikuwa akizunguka na vyungu alivyofinyanga mama yake, na husimuliwa kuwa sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Mwaka 1911 akaja mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri. Tunampenda kwa mengi, ila kwa leo tunamtaja kwa hili: alichowaitia watu kilikuwa chake. Sauti yake na chungu cha mama yake.

Fundi naye anacho chake, sema amezoea kukidharau. Mambo tunayoyajua kwa kushika sindano kila siku, biharusi hayajui, na yuko tayari kuyafuata popote. Tulipoanza kuyaeleza ndipo tulipopata wanawake wanaokuja dukani na swali mkononi.

Chukua suala la weupe tu. Biharusi hununua satini jioni, chini ya taa ya dukani, anaona nyeupe pe. Akiitoa juani inaelekea kwenye maziwa, akiingia ukumbini chini ya taa za manjano inakuwa kama imepauka, na mtandio alionunua duka jingine haulingani nayo. Mwambie atoke na kipande nje, akishike karibu na uso wake, amwite dada yake atazame. Hayo ni maneno machache, na yanamwokolea pesa ya kununua mara mbili. Au pindo: pindo hupimwa na viatu vya siku ile, si na ndara alizokuja nazo. Au lesi, ambayo bila bitana laini hukwaruza shingo mpaka biharusi anakaa kama ana upele. Au kipimo cha mwisho, ambacho sisi hatukichukui mwezi mmoja kabla, maana wengi hukonda kwa mawazo na wengine hunenepa wakifungiwa ndani kwa singo. Na harusi za kaskazi, wakati wa joto, satini nzito ya mikono mirefu si ya kumshauri mtu asije akazimia kitini.

Haya yote yanaonyeshwa kwa mikono na kitambaa. Geuza gauni nje ndani, watu waone mshono ulivyomalizwa. Fundi anayeficha ndani ya gauni tunamtilia shaka.

Na bei iandikwe! Huu mtindo wa "bei njoo inboksi" unawafukuza wale wenye haya, wanaoogopa kuuliza halafu wakaonekana hawana uwezo. Huyo humsikii tena, ameshakwenda Darajani kununua la tayari. Picha za magauni ya Dubai na Istanbul unazozibandika kama kazi yako tusizizungumze sana. Siku ya kuchukua nguo ikifika, biharusi ndiye anayelia, na shangazi zake ndio watakaokutangaza bila malipo.

Hatusemi njia hii ni ya haraka. Kuna mwenzetu aliyeanza nyuma yetu, anaweka sura kila Ijumaa, ametuacha mbali kwa wafuasi. Huwa tunaziangalia zile namba zake na moyo unataka, sisi si malaika. Ila tukihesabu arbuni zilizomo kwenye daftari letu hatuoni tulichopungukiwa.

Nanyi biharusi, msingoje mpaka mmekaa kitini. Habari ya picha izungumzwe siku ya kutoa arbuni, na aseme biharusi mwenyewe, si mama wala wifi kwa niaba yake. Muulize mpambaji simu yake inakaa wapi wakati wa kazi, na msaidizi wake je, maana wasaidizi nao wana kurasa zao. Ukiona anakasirika kwa kuulizwa, arbuni yako bado iko mkobani.

Sisi tumeiweka kwenye risiti, chini ya tarehe ya kuchukua nguo: gauni peke yake, mikono na gauni, au hapana. Wengi huweka alama kwenye mikono. Wanaoweka hapana hawaulizwi kwa nini.