Mlango wa Hatari: Nani Aufungue, na Nani Apite?



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lililomo katika kila nyumba, ijapokuwa si kila nyumba hulitaja kwa jina. Palipo na hatari inayojulikana, na watu wakapataka mahali hapo kwa furaha au kwa riziki, je, mwenye mamlaka apafunge kabisa, au apafungue kwa masharti? Na akipafungua, dhima ya yatakayotokea ni ya nani? Tutaanza mbali, kisha tutarudi kwetu Mara.

Katika nchi ya Japani, kisiwa cha Hokkaido, upo mlima uitwao Niseko Annupuri. Wakati wa baridi theluji huanguka huko kwa wingi, na watu hutoka pande nyingi za dunia kwenda kuteleza juu yake kwa mbao ndefu wanazozifunga miguuni. Ziko njia zilizotengenezwa na kulindwa. Na nje ya kamba iko miteremko isiyokanyagwa na mtu. Huko ndiko vijana wanakokutamani, na huko ndiko theluji inakoporomoka. Maana theluji hukaa tabaka juu ya tabaka. La chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja watosha kulivunja, na yote iliyo juu yake hushuka kwa kishindo na kumfukia. Aliyefukiwa asipofukuliwa katika kadiri ya robo saa, matumaini ya kumpata hai hupungua upesi sana.

Palikuwa na kamba za kukataza. Watu wakapita chini yake, na wengine wakafa. Ndipo mwaka 2001 zikawekwa kanuni za mlima ule. Yakafanywa malango, na kila asubuhi watu wenye ujuzi hupima upepo na theluji, kisha huamua lango lipi lifunguliwe na lipi lifungwe. Likifungwa, hapiti mtu. Avukaye kamba hunyang'anywa tiketi yake, na apoteaye nje ya mipaka, gharama za kumtafuta ni juu yake. Tena liko bonde moja, Yunosawa, ambalo halifunguliwi kabisa.

Zingatieni, ndugu zangu. Watu wale hawakusema kwamba hatari haipo, wala hawakusema kila mtu na shauri lake. Walikubali kuwa tamaa ya vijana haizuiliwi na kamba tupu, wakaweka maarifa mahali pa katazo tupu. Lakini hawakuiacha haki ya kufunga.

Sasa tuje nchini kwetu. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, una njia nyingi za kupandia. Mojawapo hupita upande wa magharibi, juu ya kambi ya Arrow Glacier, katika ufa mkubwa ambao wageni huuita Western Breach. Ni njia fupi ya kufika kreta, nayo ni kali. Mawe ya pale yameshikwa na barafu kama tofali lishikwavyo na udongo. Jua likipanda, barafu huyeyuka na mawe huachia. Tena barafu yenyewe inakwisha: kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011 ilipungua kwa kadiri ya asilimia 85. Mwezi wa Januari 2006 mawe yaliporomoka juu ya msafara, wakafa Wamarekani watatu, na wengine wakajeruhiwa. Wenye hifadhi wakaifunga njia ile. Mwisho wa mwaka 2007 ikafunguliwa tena. Mwezi wa Septemba 2015 jiwe likamwua Mmarekani mwingine katika njia ile ile.

Je, walifanya vibaya kuifungua? Hatupendi kuhukumu kwa haraka. Mgeni mtu mzima, aliyeelezwa habari yote, akavaa kofia ngumu, akapanda mapema kabla ya jua kupasha mawe, amechagua mwenyewe. Lakini mgeni hapandi peke yake. Mbele yake yuko kiongozi, na nyuma yake wako wapagazi waliojitwika hema na chakula. Jiwe halimbagui mwenye kulipa na mwenye kulipwa. Yule wa kwanza amekwenda kutafuta sifa na furaha. Huyu wa pili amekwenda kutafuta unga na ada ya mtoto. Wa kwanza aweza kusema, "Leo sitaki," akarudi nyumbani na hadithi yake. Wa pili akisema hivyo, huenda safari ijayo asiitwe. Basi hiari ya wa kwanza haiwezi kuhesabiwa kuwa hiari ya wa pili, na karatasi iliyotiwa saini na mgeni haimwondolei mfunguzi wa njia dhima ya mpagazi.

Hapo ndipo maneno haya yanapotugusa sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa, tangu Kiriba na Majita hata Bunda. Sisi hatuna theluji, lakini tuna mlango wetu, nao ni mwalo. Kila usiku wa giza vijana huisukuma mitumbwi majini pamoja na taa zao, kwenda kuvua dagaa. Na usiku huo ndio wakati wa ghadhabu ya Ziwa Victoria. Wenye elimu ya hali ya hewa wametueleza sababu yake: usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya ziwa, ukainua mvuke wa maji yenye joto, na mawingu ya radi yakajengeka. Ndiyo maana dhoruba za ziwa huzuka zaidi usiku na alfajiri. Wala si usiku tu maji yanapoua. Mwezi wa Julai 2023, katika kijiji cha Mchigondo wilayani Bunda, mitumbwi iliyochukua watu waliotoka ibadani ilizama, wakafa watu zaidi ya kumi, watoto wakiwamo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za ziwa letu. Lakini tahadhari iliyosikiwa redioni bila ya mtu wa kusimama mwaloni ni kama kamba ya Niseko kabla ya malango: kila mtu huiona, na kila mtu huipita.

Huenda msomaji akasema, "Maskini hana usiku wa kupoteza. Asipovua leo, watoto watalala njaa." Maneno haya ni ya kweli, wala hatuyadharau. Lakini tutazame vizuri kinachomsukuma mvuvi. Mara nyingi si njaa ya usiku mmoja. Ni kujua kuwa mwenzake atakwenda, na tajiri mwenye mtumbwi atampa kazi yule aliyethubutu. Mwalo ukifungwa kwa wote usiku wa tahadhari, hakuna aliyeshindwa na jirani yake, na hakuna kijana aliyeitwa mwoga. Na tajiri anayegawana faida ya usiku mwema, yampasa kubeba sehemu ya hasara ya usiku uliofungwa.

Mwingine atasema, "Ajali ni kudra." Naam, lakini kudra haimfutii mtu wajibu wake. Aliyempeleka mwana wa mwenzake majini bila ya boya la kumshika juu ya maji, hawezi kuiachia kudra jawabu lake.

Basi kwa maoni yetu, mlango wa hatari waweza kufunguliwa kwa masharti manne. Mfunguzi awe na maarifa ya siku ile, si ya mwaka jana. Apitaye awe ameelezwa na amepewa vifaa. Asiburutwe ndani mtu ambaye hakuchagua. Na mfunguzi awe na ushujaa wa kufunga hata siku ambayo fedha iko upande wa pili. Likikosekana sharti moja, mlango huo si ruhusa bali ni mtego.

Nanyi wazazi, msidhani kuwa habari hii ni ya wakubwa wa milima na wa miyalo peke yao. Kijana anayekatazwa kila kitu pasipo sababu atapita chini ya kamba, na anayeachiwa kila kitu atazama mbele ya macho yenu. Mfundisheni kuogelea kabla ya kumpa kasia. Kisha siku mtakapomwambia, "Leo usiende," atajua kuwa mnasema kwa ujuzi, naye atawasikia.