Bugaluu na Mshahara wa Mpiga Gitaa

Mwandishi mwenzetu anadai kwamba vitabu vya kusifia muziki wa dansi wa miaka ya 1970 ni kilio cha wazee walioshindwa kuikubali Bongo Fleva, na kwamba anayetaka kumbukumbu asikilize nyimbo zenyewe. Nyimbo zenyewe zitamwambia nini? Hazitamwambia kwamba mpiga gitaa wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, alikuwa mwajiriwa wa mshahara, na gitaa si lake. Wala kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri: wimbo ulirekodiwa Redio Tanzania, santuri ikatoka Kenya, kisha mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Mengi ya hayo yamo vichwani mwa watu, na watu hao tunawazika kila mwaka.

Namkubalia jambo moja. Baadhi ya maandishi haya ni sukari tupu: ukumbi ulijaa, suruali za bugaluu zilipepea, vijana walikuwa na adabu. (Adabu! Wangeulizwa mama zao.) Lakini dawa ya kitabu kibovu ni kitabu kizuri, chenye kuuliza nani alilipwa na nani alidhulumiwa. Laura Fair, Mmarekani, alipoandika kuhusu majumba yetu ya sinema mwaka 2018, aliwasikiliza wazee wa aina hiyohiyo wanaobezwa leo.

Tena anasema eti vitabu hivi vitaifunika Bongo Fleva. Itafunikwaje, wakati yenyewe imeshakuwa na zilipendwa zake?